Mchanga Una Mwenyewe

Watu wengi wa bara, wasikiapo habari za mchanga, fikira zao huenda mara moja pwani, Malindi na Lamu, au hukumbuka picha za jangwa la Sahara na misafara ya ngamia. Ni wachache wanaofahamu ya kuwa mtu akitoka mjini Nakuru kwa motokaa, akiwa na hema na chakula cha siku nne, aweza kutembea na kulala juu ya mchanga wa namna mbalimbali bila ya kutoka katika Bonde la Ufa. Mchanga huo si wa bahari. Mwingine umetoka tumboni mwa milima ya moto. Mwingine umeletwa na mito ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka haina maji. Na mwingine, huko mbali zaidi, hurundikwa na upepo hata ukawa vilima vinavyohama.

Yampasa kila msafiri wa nchi hiyo akumbuke neno moja: mchanga una mwenyewe. Uko wa moto, uko wa maji, na uko wa upepo. Mwenyewe huyo aweza kuondoka kwa muda mrefu, hata watu wakadhani ya kuwa ameuacha, lakini hurudi pasipo kupiga hodi. Asiyelijua neno hili aweza kwenda matembezi kwa furaha akarudi akibebwa.

Msomaji na awafikirie vijana wanne wa Nakuru: mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa magari, karani wa duka la mbegu, na dada mmoja muuguzi. Wameweka akiba kidogo kidogo, wameazima mahema mawili, nao wamepata ruhusa ya siku chache. Hawakupewa majina hapa, kwa maana waweza kuwa vijana wowote. Lakini mahali wapitapo ni mahali pa kweli, na hatari zilizopo huko ni za kweli.

MATAYARISHO

Jambo la kwanza katika safari ya namna hii ni maji. Mtu atembeaye juani huhitaji lita nne au tano kwa siku, na katika joto la Bogoria huhitaji zaidi. Motokaa nayo ina maji yake, yasiyochanganywa na ya watu. Basi vijana hawa walipakia majerikeni kwanza, na vitu vingine vikatafutiwa nafasi baadaye: unga, maharagwe yaliyochemshwa, chumvi, chai, sufuria mbili, tochi, kofia, viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, na sanduku dogo la dawa alilolitayarisha muuguzi.

Fundi aliongeza sepeto, pampu ya magurudumu na mbao mbili fupi. Motokaa ikizama mchangani, dereva asiyejua hukanyaga mafuta kwa nguvu, na magurudumu huchimba kaburi lao wenyewe. Ajuaye husimama mara moja, hushuka, huondoa mchanga kwa sepeto, hulaza mbao mbele ya magurudumu, na kupunguza upepo ili mpira uwe mpana. Akifika tena kwenye barabara ngumu, huujaza upepo kwa pampu kabla ya kwenda mbio.

Hema nalo lina elimu yake. Kigingi chembamba hakishiki mchangani. Upepo wa kwanza huking'oa. Dawa yake ni kujaza mfuko mchanga, kuufunga kamba ya hema, na kuuzika kwa kina cha mkono. Mlango wa hema hugeuzwa upande usiokabili upepo. Mwisho, mwalimu aliandika katika karatasi njia watakayopita na siku watakayorudi, akamwachia mama yake. Karatasi hiyo haina uzito wowote, lakini siku ya taabu yaweza kuwa na thamani kuliko mizigo yote.

MCHANGA WA MOTO

Walianza kwa kuelekea kusini, wakapita Gilgil na Naivasha, wakafika chini ya mlima Longonot. Mlima huu una kimo cha meta 2,776 juu ya usawa wa bahari, nao ni volkeno. Tangu mwaka 1983 ni hifadhi ya taifa, na mwenye kutaka kuupanda hulipa ada langoni. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko, yaani lile shimo kuu la kileleni, ni mwendo wa kilometa 3 hivi. Na kuuzunguka ukingo wote ni kilometa 7 na zaidi kidogo. Hesabu hiyo yaonekana ndogo katika karatasi. Miguuni haiwi ndogo.

Sababu yake ni ardhi yenyewe. Mlima umefunikwa na majivu, na mawe mepesi yenye vitundu ambayo yakitiwa majini huelea. Mvua imeyachimba majivu hayo hata njia ikawa mfereji, na mahali pengine mpandaji hutembea katikati ya kuta zilizompita kimo. Mguu ukikanyaga mbele, nusu ya hatua hurudi nyuma. Wakati wa kiangazi vumbi huinuka likaingia machoni na kooni. Chembe za mchanga wa pwani zimesuguliwa na mawimbi muda mrefu, na aghalabu ni laini. Bali chembe hizi zilivunjika kwa kishindo cha moto na bado zina makali. Ndiyo maana muuguzi aliwaonya wenziwe wasiyafikiche macho, bali wayaoshe.

Walipofika ukingoni walitazama chini, wakaona jambo ambalo halikutazamiwa. Ndani ya shimo mna msitu mzima wa miti ya kijani, kana kwamba mtu amepanda bustani ndani ya chungu. Katika kuta za shimo, mahali pengine, mvuke hutoka polepole kuonyesha kwamba moto haujazimika kabisa.

Fundi alitaka wazunguke ukingo mpaka kilele cha juu. Jua lilikuwa limepanda, na mlimani hapana kijito wala kisima. Muuguzi aliinua chupa yake, akaitikisa.

"Ndugu zangu, maji yamefika nusu," akasema.

"Lakini kilele kile pale, dada! Hata mtoto angefika," akajibu fundi.

"Kufika tutafika. Nauliza habari ya kurudi."

Walirudi. Fundi hakusema neno mpaka langoni. Lakini kanuni ile ni ya dhahabu kwa kila mtembezi: maji yakifika nusu, uso hugeuzwa nyumbani. Mlima hautahama kabla ya safari ya pili, nao wapandaji wenye busara ndio wanaopata safari ya pili.

Usiku walipiga hema katika uwanja uliotengwa na wenye hifadhi. Huko juu usiku una baridi kali, na karani, aliyecheka alipoona wenzake wakipakia mablanketi, aliomba moja kabla ya saa tatu.

KORONGO LA OL NJOROWA

Asubuhi walikwenda Hell's Gate, hifadhi iliyofunguliwa mwaka 1984 karibu na ziwa Naivasha. Hii ni moja ya hifadhi chache za Kenya ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kupanda baiskeli katikati ya pundamilia na swala. Mwamba mrefu ulio karibu na lango huitwa kwa jina la Mjerumani Gustav Fischer, mtaalamu aliyepita nchi hiyo mwaka 1883. Mvuke wa ardhini huko Olkaria umetumiwa kutoa umeme tangu mwaka 1981.

Ndani ya hifadhi kuna korongo la Ol Njorowa. Zamani sana, ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa na lenye kina kirefu, maji yake yalifurika kuelekea kusini yakaukata mwamba laini wa majivu kama kisu kikatavyo jibini. Ziwa lilipopungua, mto ukakauka, na chini yake ukabaki mchanga. Sasa wageni huteremka kati ya kuta ndefu, mahali pengine nyembamba hata mtu aweza kugusa pande zote mbili. Ni mahali pa ajabu na pa kupendeza. Pia ni mahali palipoua.

Mwezi wa Aprili 2012 vijana waliokuwa katika matembezi walipatwa na mafuriko ya ghafla ndani ya korongo hilo, na baadhi yao wakafa. Septemba 2019 maji yalikuja tena, yakachukua maisha ya watu waliokuwa wakitembea, na korongo likafungwa kwa muda. Ndugu zao walingojea nyumbani watu waliokwenda kutembea siku ya mapumziko.

Yafaa msomaji afahamu jinsi mambo haya yanavyotokea, maana si ya ajabu, na yaweza kutokea katika korongo lolote. Mvua hainyeshi lazima pale mtu aliposimama. Hunyesha vilimani, mbali, huku korongoni jua likiwaka. Ardhi ya majivu iliyokauka hufunga uso wake kama sakafu, na maji hayanywewi upesi, hukimbia. Vijito vidogo vingi huingia katika mfereji mmoja, na mfereji ule unapokuwa mwembamba, maji hupanda juu kwa sababu hayana nafasi ya kwenda kando. Mtu aliye chini husikia kwanza mlio kama wa gari moshi. Akiisha kuusikia, wakati wa kutafuta njia ya kupanda umekwisha kuwa mfupi mno.

Vijana wetu walipofika, askari wa wanyama aliwaambia kwamba siku hiyo hawataruhusiwa kuteremka. Karani hakupendezwa.

"Afande, mbona jua linawaka, na ada tumelipa?"

Askari hakukasirika. Alinyosha mkono kuelekea vilima vya mbali, ambako wingu jeusi lilikuwa limekaa kama kofia. "Wewe watazama mbingu iliyo juu ya kichwa chako, ndugu yangu," akasema. "Mimi natazama mbingu iliyo juu ya mto."

Walitembea katika uwanda wa juu badala yake, wakaona twiga na nyati kwa mbali. Haijulikani kama maji yalikuja siku hiyo au hayakuja. Hilo si shauri kubwa. Mtu hafungi mlango kwa sababu ameona mwizi. Huufunga kwa sababu ni usiku.

UNGA MWEUPE NA MAWE MEUSI

Siku ya tatu walirudi upande wa Nakuru. Karibu na ziwa Elmenteita walisimama Kariandusi, ambako Louis Leakey alichimba akapata mashoka ya mawe ya watu wa kale sana. Mengine yalichongwa kwa jiwe jeusi la volkeno ling'aalo kama kioo. Hapo pia pana ardhi nyeupe pe, laini kama unga wa sima. Mwalimu aliwaeleza wenzake ya kuwa weupe huo si chokaa, bali ni maganda ya mimea midogo mno ya majini, isiyoonekana kwa macho, iliyokufa na kulala chini ya ziwa vizazi kwa vizazi. Mahali waliposimama wakavu palikuwa chini ya maji.

Wasidhani kwamba mambo hayo ni ya kale tu. Tangu mwaka 2010 hivi, maziwa mengi ya Bonde la Ufa yamepanda kwa namna iliyowashangaza watu wote. Ziwa Nakuru lilimeza lango kuu la zamani la hifadhi yake, pamoja na barabara na miti ya ukingoni. Huko Baringo nyumba, mashamba na hoteli zilizama. Watu walizoea kuiita nchi ile kavu. Lakini mwenyewe alikuwa safarini tu.

Jioni walipanda Menengai, kaskazini ya mji wa Nakuru. Ukingo wake una kimo cha meta 2,278, na shimo lenyewe lina eneo la kilometa za mraba 90 hivi, hata mgeni asipoambiwa hudhani ni bonde. Chini hakuna msitu kama wa Longonot, bali mawe meusi yaliyowahi kuyeyuka na kutiririka kama uji, yakaganda yakiwa na makali na mashimo. Masimulizi ya Wamaasai yasema kwamba katika vita vya karne ya 19 baina ya Ilpurko na Ilaikipiak, wapiganaji wengi walisukumwa humo, na wako watu wasemao kwamba mvuke utokao chini ni roho zao. Mwaka 2011 mitambo ilianza kuchimba visima vya mvuke humo kwa ajili ya umeme. Hata hivyo mtu asiteremke bila kiongozi: mawe meusi hufanana, njia hupotea, na mwangwi humdanganya aitaye na aitwaye.

Usiku, taa za Nakuru zilionekana chini kama makaa yaliyomwagwa. Hapo mwalimu alikumbusha habari ya Machi 2018, wakati ardhi ilipopasuka karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara ya Narok baada ya mvua kubwa. Dunia nzima ilisema Afrika inagawanyika vipande viwili. Ni kweli kwamba Bonde la Ufa hupanuka, lakini kwa kiasi kidogo sana kila mwaka. Wataalamu wengi wa miamba walieleza kwamba kazi ya siku ile ilifanywa hasa na maji, yaliyopita chini kwa chini na kuyachukua majivu laini yaliyojaza nyufa za zamani, hata paa lililobaki juu likaanguka. Moto uliyaweka majivu yale. Maji yakaja kuyachukua.

MTO USIO NA MAJI

Siku ya nne waliteremka kaskazini kwa barabara ya Marigat. Mji wa Nakuru uko juu kiasi cha meta 1,850, na ziwa Bogoria kiasi cha meta 1,000. Kwa hiyo katika mwendo usiozidi kilometa 100 au karibu na hapo msafiri huvua sweta, kisha koti, kisha hutamani kuvua hata ngozi. Huko Mogotio barabara huvuka mstari wa Ikweta. Mashamba ya mahindi hubaki nyuma, na mahali pake huja miti ya miiba, mbuzi, na mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini.

Bogoria ni ziwa la magadi. Kando yake maji ya moto huruka kutoka ardhini yakitoa moshi, na heroe huweza kuwa wengi hata ukingo wote ukawa mwekundu. Lakini maji ya ziwa hayafai kunywewa, na kandokando ya chemchemi ardhi ngumu yaweza kuwa ganda jembamba juu ya tope linalochemka. Yampasa mtu afuate njia iliyokanyagwa. Yampasa pia akumbuke wenyeji. Waendorois waliondolewa kandokando ya ziwa hilo katika miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Walidai haki yao muda mrefu, na mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa, wenye kusema ya kwamba walidhulumiwa. Ardhi ina wenyewe walio watu, wala si moto na maji peke yake.

Jioni vijana waliukuta mto mkavu. Kitanda chake kilikuwa mchanga mweupe, sawa na laini, bila mwiba hata mmoja, na kando yake miti mikubwa yenye kivuli. Baada ya mawe ya Menengai, mahali hapo palionekana kama kitanda kilichotandikwa. Fundi alikwisha kushusha hema la kwanza wakati mzee mmoja mchungaji alipotokea na mbuzi wake.

"Chamgei, mzee," akasema mwalimu kwa adabu.

"Chamgei mising, wanangu. Mwataka kulala hapa?"

"Ndiyo, mzee. Pana mchanga mzuri."

"Mchanga ni mzuri sana," akasema mzee. "Lakini una mwenyewe. Laleni kule juu."

Kule juu palikuwa na mawe na miiba. Waliondoa mawe kwa mikono, wakafagia miiba kwa tawi, wakapiga hema gizani wakinung'unika. Usiku ule mto haukuja. Nyota ziliwaka mpaka alfajiri, na mchanga ulilala mkavu kama ulivyokuwa.

Mzee alipopita asubuhi, fundi alimwambia kwa kucheka kidogo, "Mzee, mwenyewe hakuja."

Mzee hakujibu neno. Alimshika mkono, akampeleka chini ya mti ulio ukingoni, akamwonyesha kwa fimbo. Juu matawini, palipo zaidi ya kimo cha mtu, palikuwa na nyasi kavu, vijiti na kipande cha gunia vilivyonasa na kukaukia huko. Fundi alivitazama, kisha akautazama mchanga ulio chini, mahali alipotaka kulaza kichwa chake.

"Hakuja jana," akasema mzee. "Siku aliyokuja, alipita hapo."

Kisha akawaonyesha jambo la pili. Alichimba mchanga kwa mikono mpaka kiwiko, akangoja, na polepole maji yakajaa katika shimo, machache lakini safi ya kutazama. Maji ya mafuriko hayakwenda yote. Mengine yamelala chini ya mchanga, mahali jua lisipoyafikia, na watu, mbuzi na wanyama wa porini huishi kwa hayo wakati wa kiangazi. Muuguzi aliyachemsha kabla ya kuyanywa, kama ipasavyo. Kwa hiyo mchanga uuao mgeni asiyeuliza ndio uwawekao hai wenyeji wajuao. Tena mahali mchanga unapochukuliwa mno kwa malori kwenda kujengea, maji hayo hukosa pa kujificha, na visima hukauka.

MCHANGA WA UPEPO

Karani alitaka waendelee kaskazini. Alikuwa amesikia ya kuwa huko, katika bonde la Suguta lililo kusini ya ziwa Turkana, kuna vilima halisi vya mchanga, vyenye umbo la mwezi mwandamo. Na vingine viko karibu na North Horr, kandokando ya jangwa la Chalbi. Habari hizo ni za kweli. Lakini Suguta ni miongoni mwa mahali penye joto kali kabisa katika Kenya, haina barabara ya kutegemewa, na imejulikana kwa vita vya mifugo. Mwezi wa Novemba 2012 askari polisi wengi waliuawa huko, karibu na Baragoi. Motokaa moja, bila ya mwenzake wa kuivuta, na bila ya mwenyeji wa kuiongoza, haina kazi huko. Walikubaliana kurudi.

Njiani mwalimu aliwaeleza jinsi kilima cha namna hiyo kinavyohama. Upepo uvumao upande mmoja husukuma chembe za mchanga kupanda mteremko wa polepole. Zikifika juu, huanguka upande wa pili, ulio mkali. Kazi hiyo ikirudiwa usiku na mchana, upande wa nyuma hupungua, wa mbele huongezeka, na kilima chote hutembea. Ncha zake mbili, zenye mchanga kidogo, huenda upesi kuliko tumbo lake, na ndiyo maana hutangulia mbele kama pembe za ng'ombe. Mtembezi hodari hupanda kwa kufuata mgongo wa kilima, asubuhi mapema, mchanga ungali baridi na imara. Na wala haachi alama za miguu ziwe ndizo kiongozi wake wa kurudi, kwa sababu upepo huzifuta.

Mfano mzuri kabisa uko Tanzania, karibu na Olduvai, katika Bonde hilohilo la Ufa. Hapo kuna kilima kimoja cha mchanga mweusi, kirefu cha meta 100 hivi, nacho ni majivu ya mlima wa moto Oldoinyo Lengai. Uwanda kandokando ni mgumu na mtupu, na kilima huupita peke yake kuelekea magharibi kwa kiasi cha meta 15 au zaidi kidogo kila mwaka. Watu wameweka alama zenye tarehe kuonyesha mahali kilipokuwa mwaka fulani na mwaka fulani. Leo alama hizo zimesimama nyuma yake, katika ardhi tupu. Kwa Wamaasai ni mahali pa heshima. Hapo wenyewe wawili hukutana: moto uliutoa mchanga, na upepo ukauchukua.

NENO LA MWISHO

Vijana walifika Nakuru jioni, vumbi limewajaa masikioni, jerikeni moja likiwa bado na maji. Hawakukifikia kilele cha Longonot, hawakuteremka korongoni, wala hawakukiona kilima cha mchanga kihamacho. Mtu mwingine angesema ya kuwa safari yao ilikuwa na upungufu mara tatu.

Lakini mama yake mwalimu, aliyekuwa na ile karatasi mkononi, hakuhesabu hivyo. Aliwahesabu wao, mmoja, wawili, watatu, wanne, akaikunja karatasi, akaenda kuteleka chai. Nchi ya Bonde la Ufa ni nzuri, nayo iko wazi kwa kila mwenye miguu na hamu ya kuona. Ila mgeni mwema, kabla hajaketi, huuliza kwanza kiti ni cha nani.